Maradhi ya Mafuta katika Injini ya Kupachika

Watu wengi wa pwani na wa maziwa makuu wamekwisha kuacha tanga na kafi, nao huenda kuvua na kusafiri kwa injini za kupachika, yaani zile zifungwazo nyuma ya mashua. Injini hizi si jambo geni duniani. Ole Evinrude, mtu wa Norwei aliyehamia Marekani, alianza biashara ya kuziuza mnamo mwaka 1909, na namna ya kuzinywesha mafuta zile za mipigo miwili haikubadilika sana tangu siku hizo. Nyingi zilizomo katika bandari zetu ndogo ni kuukuu, zimepita mikononi mwa watu watatu au wanne. Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kutafuta maradhi ya injini ya namna hiyo inapokataa kuwaka, au inapowaka ikafa, kwani mtu ambaye injini imemzimikia baina ya Nyamisati na Kilindoni, kusi ikivuma, hana fundi wa kumwita.

Kabureta ndiyo ishukiwayo kwanza, nayo yapasa ishukiwe mwisho. Mara nyingi twaona mtu ameshika bisibisi kabla hajafungua hata kifuniko cha tangi, akizungusha skrubu huku na huku, hata injini iliyokuwa na ugonjwa mmoja ikapata miwili. Njia iliyo bora ni kuyafuata mafuta safari yake, toka tangini hata kwenye moto, ukiuliza katika kila kituo: Je, yamefika hapa? Na yamefika safi?

Kabla ya kushika safari hiyo, vuta kamba ya kuwashia mara chache, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, nawe ufute plagi na kutazama habari za moto wake, ambazo si maneno yetu ya leo. Ikiwa ina matone ya maji, umekwisha kumpata adui.

Na adui huyo, yaani maji, ndiye tumwogopaye kuliko wote. Petroli ya ufukweni aghalabu hununuliwa kwa madumu na chupa; dumu limekaa wazi, limenyeshewa, au lilikuwa na maji ya kunywa jana. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hukaa chini, na mpira wa mafuta nao hunyonya toka chini. Kwa hiyo injini huweza kuwaka vizuri ufukweni kwa mafuta yaliyosalia ndani yake, ikaenda dakika chache, ikafa kwenye kina. Kuyajua ni rahisi: toa mafuta ya chini ya tangi, uyatie katika chupa nyeupe ya kioo, uiache isimame nusu saa. Ikiwa mna maji, utaona mstari, juu petroli na chini maji. Wengine hutumaini kitambaa kwenye mrija wa kumiminia. Kitambaa huzuia mchanga na kutu, lakini hakizuii maji yote. Ni afadhali kuliacha dumu litulie usiku kucha, kisha kumimina polepole, na kile kikombe cha mwisho kisiingie tangini kamwe, hata kama kinauma kukiacha kwa bei ya petroli.

Kituo cha pili ni kifuniko cha tangi, ambacho kina skrubu ndogo ya kupitishia hewa. Ikiwa imefungwa, mafuta yanapotoka hewa haiingii, na injini hufa kwa kiu tangi likiwa limejaa. Mambo ya aibu kidogo, lakini mashua zimevutwa kwa kamba hata nyumbani kwa sababu hiyo tu.

Halafu tazama mpira na kile kipira cha kuminya kwa mkono. Mshale uliochorwa juu yake sharti uelekee injini. Ukiminya, kipira kipate kuwa kigumu. Kisipokuwa kigumu, pana mahali mpira unavuta hewa, au vizuizi vilivyo ndani yake vimechoka. Ubavuni mwa injini mna pampu ndogo yenye utando mwembamba, nao ukitoboka pampu haivuti. Hapa iko hila moja nzuri: injini inapoanza kulegea njiani, mwenzio na aminye kipira kwa mkono. Ikirudi na nguvu zake, iache kabureta, maana kosa liko nyuma yake, kati ya tangi na pampu.

Yote hayo yakiwa mazuri, sasa yafaa kuifikiria kabureta, nayo husema yenyewe inaumwa wapi. Injini iendayo vema kwa mwendo mkubwa lakini ikafa ukipunguza, kwa kawaida kitundu chake cha mwendo mdogo kimeziba. Ile inayotulia kwa mwendo mdogo lakini haina nguvu ukiipandisha, shuku kitundu kikubwa. Ikiwa petroli inatiririka nje, huenda takataka imeishika sindano ya kuzuia mafuta, au boya limetoboka. Boya la shaba likitikiswa karibu na sikio, ukasikia maji maji ndani, halifai tena. Na la kizibo, lililomo katika injini za zamani sana, hunywa mafuta likazama.

Ukiifungua, fanya kazi nchi kavu juu ya kitambaa cheupe, na skrubu ya kurekebisha uihesabu kwanza: izungushe ndani taratibu hata ikome, ukiandika ni mizunguko mingapi, ili upate kuirudisha mahali pake. Vitundu vya shaba visichokolewe kwa waya wala sindano ya kushonea, kwani tundu likipanuka kidogo tu, kipimo chake kimeharibika milele. Tumia uzi mwembamba wa nailoni wa mshipi, na petroli safi, kisha upulize kwa pampu ya baiskeli.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wengi hulidharau. Injini ikikosa mafuta, hupata nafuu ukiivuta choki, na mtu akiisha kuona hivyo huenda safari nzima choki imevutwa nusu, akijiona hodari. Lakini katika injini ya mipigo miwili oili huja pamoja na petroli kwa njia ile ile. Basi kitundu kilichoziba nusu hupunguza petroli na oili pia. Injini hupata moto kupita kiasi, pistoni hukwaruzwa, na kazi ya kusafisha ya saa moja hugeuka kuwa gharama ambayo samaki wa miezi mingi hawailipi. Nafuu ya choki ni dalili, si dawa. Tumia kurudi pwani polepole, basi.

Kipimo cha oili nacho kifuatwe kama kitabu cha injini kisemavyo. Nyingi hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Za zamani zaidi huweza kutaka 1 kwa 25, yaani mililita 800. Kukisia kwa macho hakufai, wala oili ya gari haifai.

Mwisho, petroli huchacha. Ikikaa miezi ndani ya kabureta huacha gundi inayoziba vitundu. Injini itakayopumzika muda mrefu, iwashe katika pipa la maji baridi, uchomoe mpira wa mafuta, uiache iungue hata izime yenyewe. Isiwashwe kavu, maana pampu yake ya maji itaungua. Na kila ufunguapo mafuta, sigara na kibatari viwe mbali, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hulala chini ndani ya mashua bila kuonekana. Dumu lijazwe likiwa chini ufukweni, kisha ndipo lipakiwe chomboni.