Daftari la Bustani: Kuandika Kilichoonekana

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wala si kazi ya kando. Kwa maoni yetu, jembe na kalamu hukutana vizuri zaidi katika daftari la bustani, ambamo mtoto huandika tarehe, kazi iliyofanyika, alichokiona na kiasi cha mvua.

Tuanze na mvua. Hapa Makumira, chini ya Mlima Meru, masika huanza aghalabu mwezi Machi. Twaa kopo ambalo mdomo na kitako chake vina upana mmoja, liwekwe mbali na migomba na miti, na maji yapimwe kwa rula kila siku saa tatu asubuhi. Milimita 1 ya mvua katika eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi mvua ya milimita 12 katika tuta la mita 5 kwa mita 1 ni lita 60, yaani ndoo 3 za lita 20. Darasa la Tano watapenda hesabu hii kuliko zile za mabomba yajazayo tangi!

Lakini yatupasa kujihadhari na ubao. Mwalimu akiandika, "Maharage yameota siku ya 7," darasa zima litanakili, hata yule ambaye tuta lake bado tupu. Mwache Asha aandike siku ya 6, na Elia siku ya 9. Kisha waulize: mbegu mlizifukia kina gani? Nani alimwagilia? Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Vivyo hivyo, sentensi "Tuta letu halikuota, kuku walifukua mbegu" isifutwe eti kwa sababu mkaguzi yu njiani. Mtoto aliyeamriwa kuandika mavuno ambayo hakuyaona amefundishwa uongo, tena kwa mwandiko mzuri. Alama zitolewe kwa uangalifu wa kutazama. Figiri na mchicha vitahesabiwa jikoni.

Mwisho wa mwaka, madaftari yasigawiwe wala kuchomwa. Yafungiwe kabatini, ili darasa lifuatalo, kabla ya kushika jembe mwezi Machi, lifungue kurasa za Machi iliyopita na kuona mvua ya kwanza ilinyesha tarehe gani.