Kioo Kimepasuka Njia ya Nyamisati: Somo la Ufa, Kutu na Gundi

Watu wengi, hata sisi tunaosoma uhandisi, tunakichukulia kioo cha mbele cha gari kama kioo cha dirisha la nyumba. Kimepasuka, ng'oa, weka kingine, safari iendelee. Kwa magari ya kizamani ambayo kioo kinashikwa na mpira, hiyo ina ukweli kidogo. Kwa gari ambalo kioo kimebandikwa kwa gundi si kweli kabisa, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mtu maisha. Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao mjomba, kaka au jirani ameshawahi kuwaambia, "Wewe si uko chuo? Hebu njoo uangalie hiki kitu."

Mimi aliyeniita ni mjomba. Ana Toyota Celica, ile ya toleo la mwisho iliyotengenezwa kati ya 1999 na 2006, chesisi ZZT231, milango miwili, imelala chini kama kenge. Ni gari la lami. Sasa kwao mjomba, na kwao mama yangu, ni Salale, kule delta ya Rufiji. Unatoka Dar kwa barabara ya Kilwa, ukifika Bungu unakata kushoto, halafu kama kilomita 40 hadi Nyamisati, kwenye gati ambako watu wanapanda boti kwenda Mafia. Ukimcheka, anakujibu kwamba Celica ilishinda Safari Rally mara nane kati ya 1984 na 1995. Ni kweli. Ila zile ziliinuliwa, zikaimarishwa, na nyuma yake kulikuwa na mafundi wenye spea za kila aina. Ya mjomba nyuma yake kulikuwa na mimi na dumu la maji.

Njia ya Nyamisati, canter ya samaki ikapishana nasi kwa kasi, kokoto moja ikaruka, ta! Alama ndogo kama punje ya choroko, upande wa abiria. Mjomba akasema hako hakana shida. Wiki mbili baadaye ufa ulikuwa umefika katikati ya kioo.

Kwa nini ufa unakua wakati gari limepaki tu chini ya mwembe? Hapa ndipo somo lenyewe linapoanza. Mwaka 1921 mhandisi wa Uingereza, A. A. Griffith, alichapisha utafiti wake juu ya kuvunjika kwa vitu, na kitu alichokitumia kufanyia majaribio kilikuwa kioo. Alionyesha kwamba mkazo unaotosha kuuendeleza ufa unapungua kadiri ufa unavyorefuka: ufa ukiwa mrefu mara nne, mkazo unaohitajika unashuka hadi nusu. Yaani ufa unajirahisishia kazi wenyewe. Jua la mchana linapanua kioo, shimo la barabarani linaikunja bodi kidogo, mtu anafunga mlango kwa nguvu, na kila mara ncha ya ufa inasogea. Ongeza unyevu. Molekuli za maji zinaingia kwenye ncha ya ufa na kusaidia kukata vifungo vya silikoni na oksijeni vilivyoshika kioo. Sasa fikiria hewa ya Salale, mikoko pande zote, maji ya chumvi yanapanda na kushuka kila siku. Ufa kule haulali.

Alama ikiwa bado ndogo, haizidi sarafu, na haiko mbele ya macho ya dereva, fundi anaweza kuijaza rezini na kuikausha kwa taa maalumu. Hiyo ni kazi ya muda mfupi. Ila ifanyike mapema, kabla vumbi na maji havijaingia ndani. Ufa ukishatembea, sahau rezini.

Kioo cha mbele si kipande kimoja. Ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita 2, katikati yake pana utando wa plastiki usiofika hata milimita 1. Wazo hilo linatokana na Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyeona mwaka 1903 chupa ya maabara imeanguka, imepasuka, lakini vipande vimebaki vimeshikana kwa sababu ndani yake kulikuwa na utando uliokaukia humo. Vioo vya pembeni ni habari nyingine: vimepashwa moto mkali na kupozwa ghafla, ndiyo maana vikivunjika vinakuwa chenga kama chumvi ya mawe. Cha mbele kinatakiwa kibaki mahali pake hata kikiwa kimeharibika, kwa sababu kina kazi zaidi ya kuzuia upepo. Kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka. Na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka unapanda juu, unagonga kioo, ndipo unamgeukia mtu. Kioo kikiwa kimeshikwa kizembe, mfuko unakisukuma nje na abiria anakutana na dashibodi.

Tukaanza kutafuta kioo. Kipya cha kuagiza kilitajwa bei ambayo bumu langu la muhula mzima lisingeifikia. Kikabaki cha mtumba, kilichotolewa kwenye gari lililochinjwa, pale Ilala. Sina tatizo na vitu vya kuchomolewa, na Salale yenyewe haina: mwaka 1915 Wajerumani walipoizamisha meli yao ya vita Königsberg kwenye delta hiyo, waliing'oa mizinga, wakaikokota hadi Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kupigana nchi kavu. Ila kioo cha mtumba kina mitihani yake. Pita na kidole ukingoni kote (vaa glavu), maana kipengee kidogo cha ukingoni ndicho ufa wa kesho. Tazama kama kuna ukungu mweupe kama maziwa kwenye kona. Hapo unyevu umeshaingia kwenye utando na tabaka zinaachana. Kishike juani ukikitazama kwa mshazari uone mikwaruzo ya waipa. Kwenye gari la michezo hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu kioo kimelala sana, na taa za gari linalokuja usiku zinatawanyika kwenye kila mkwaruzo. Na nenda na namba ya chesisi. Muuzaji mmoja alituapia kwamba cha ST202, Celica ya toleo lililotangulia, "kinaingia hichohicho". Hakiingii.

Kukitoa kile kibovu kulihitaji watu wawili na waya mwembamba wa chuma uliosokotwa. Unatoboa gundi ya zamani, unapitisha waya, mmoja anakaa ndani, mwingine nje, mnavuta kwa zamu kama mnapasua mbao kwa msumeno. Dashibodi ifunikwe blanketi. Ukitumia bisibisi kukwangua utachuna rangi, na pale ulipochuna ndipo kutu itakapoanza.

Kutu tuliikuta tayari. Chini ya kioo, kona ya kushoto, fremu ilikuwa imeanza kuvimba na kumenyuka. Hewa ya chumvi ya Nyamisati, miaka na miaka. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo haipigwi picha, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yenyewe. Gundi inashika kile ilichopakwa juu yake. Ukiipaka juu ya kutu, itashika kutu, na kutu itabanduka na kioo chako. Tulipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukapaka praima ya kuzuia kutu, tukaacha ikauke. Kwingine, palipokuwa pazima, hatukukwangua gundi yote ya zamani. Unaipunguza kwa kisu hadi ibaki milimita 1 au 2, safi, kwa sababu gundi mpya inashika vizuri sana juu ya ile ya zamani iliyokatwa punde.

Hapo ndipo mzozo ulipotokea. Ilikuwa Jumamosi, Kibiti, na Jumatatu bibi alikuwa na kliniki ya macho Dar, aliyoisubiri miezi. Mpango ulikuwa asafiri na Celica, kiti cha mbele. Fundi tuliyempata, kijana mwepesi wa mikono kwelikweli, akatoa silikoni. "Mjomba, hii masaa mawili unaondoka." Nikamuuliza kama ana gundi ya urethani. "Dogo, hiyo mambo ya vitabuni. Hii naweka kila siku, na hawajarudi kulalamika."

Nilimjibu kwa adabu, maana alikuwa kaka kwangu na kazi ni yake. Silikoni inaziba maji, haibebi mzigo. Ile inayonuka kama siki inatoa asidi wakati wa kukauka, na asidi juu ya chuma tulichotoka kukisugua ni kuiita kutu irudi. Mbaya zaidi, ikishapakwa, mabaki yake yanaikataza urethani isishike hapo siku nyingine. Mjomba akanyamaza kidogo, akauliza swali moja tu: "Na bibi?" Bibi akapandishwa basi Jumapili na mama mdogo. Urethani tuliagiza Dar, ikaja na basi jioni ileile, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa bado. Hilo likague kila mara, kwa sababu tyubu iliyokaa dukani kwenye joto inaanza kuganda kabla hujaifungua.

Cha kufurahisha ni kwamba urethani ya aina hii inakaushwa na unyevu wa hewani. Unyevu uleule uliorefusha ufa na kula fremu ndio unaoikomaza gundi. Inaanza kuganda nje na kuelekea ndani, milimita chache kwa siku, kwa hiyo ikishikika kwa kidole haina maana kwamba imeiva. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye tyubu, na ni tofauti kwa kila aina. Usikubali wa kukisia.

Safisha ukingo wa kioo, paka praima nyeusi ya kioo. Kata mdomo wa tyubu kwa umbo la V ili gundi itoke kama pembetatu, kimo chake kama sentimita 1, mstari mmoja usiokatika kuzunguka fremu yote. Kioo kishushwe na watu wawili mara moja, bila kukitelezesha, kikandamizwe taratibu, kisha kifungwe tepu. Kioo cha mlango kimoja kiachwe wazi kidogo: ukifunga mlango wa gari dogo kama Celica wakati vioo vyote vimepandishwa, hewa inakisukuma kioo cha mbele nje. Fundi yuleyule ndiye aliyekishusha, kwa mkono ambao mimi sina, na hakuacha hata upenyo.

Kama gari lako ni la mpira, tuseme Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari mwaka 1971 na 1973, kazi ni tofauti. Unauvika mpira kwenye kioo, unapitisha kamba kwenye mfereji wake, mwenzako anakandamiza kutoka nje wewe ukivuta kamba kutoka ndani, na mdomo wa mpira unajipindua juu ya fremu. Mpira uwe mpya; uliokakamaa utavujisha.

Celica ilikaa chini ya turubai mpaka Jumatatu mchana. Tukaimwagia maji kwa ndoo, tukianzia kwenye paa, mimi nikiwa ndani na tochi na karatasi za chooni nimezibandika kuzunguka ukingo wote. Zilibaki kavu, isipokuwa moja kona ya kulia. Kumbe maji yalikuwa yamepita kwenye kile kioo cha mlango tulichokiacha wazi.