Ndege Ana Mabawa, Lakini Ataruka Kwenda Wapi?
Moto wa Mlima Kilimanjaro na makazi ya ndege



Katika kipindi kimoja cha maadili, tulipokuwa tukijadili uharibifu wa mazingira, mwenzetu mmoja alisema kwamba msitu ukiungua wa kuhurumiwa ni kobe na kinyonga, si ndege. "Ndege ana mabawa," alisema, "ataruka." Tulicheka, lakini kwa kweli hatukuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu. Tumeuchagua Mlima Kilimanjaro kwa sababu wasomaji wengi wanaufahamu, na kwa sababu umeungua mara nyingi.

Tukiri kwanza kwamba mwenzetu alikuwa na haki kwa sehemu. Katika mbuga kama Serengeti, moto ukianza, mwewe na korongo hawaukimbii moshi bali huufuata, maana panzi na wadudu wengine wanaokimbia moto ni chakula cha bure. Yupo hata ndege mdogo mwenye miguu mirefu, mkimbiaji wa ardhini, anayependa kutaga mahali palipoungua, na mayai yake ni meusimeusi kama majivu yanayoyazunguka. Nyasi za mbuga zimeishi na moto kwa maelfu ya miaka. Mizizi hubaki hai chini, mvua ikinyesha zinachipua. Ndiyo maana wahifadhi huchoma baadhi ya maeneo kwa makusudi mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili kuzuia moto mkali zaidi baadaye.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapouliza kama uovu umo katika viumbe, anatumia mfano wa moto wenyewe: moto hauzaliwi pasipo kitu kingine kuharibika. Hatuwezi basi kusema kwamba moto ni mbaya kwa asili yake. Tunachopaswa kuuliza ni unawaka wapi, na baada ya kuwaka ni nini kinachoweza kurudi.

Sasa tupande mlima. Msitu wa Kilimanjaro si mbuga. Ni msitu wa mvua na ukungu, na miti yake mingi haikuzoea moto. Ndani yake anaishi hondohondo, yule ndege mkubwa mwenye mdomo wa kutisha na sauti ya kutisha zaidi. Jike akitaka kutaga huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo hadi unabaki upenyo mwembamba tu, ambao dume hupitishia matunda. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu. Mabawa anayo, lakini moto ukifika wakati huo hayamsaidii kitu. Tena hata yule anayeruka akaokoka, akirudi atahitaji tundu jingine, na tundu la kumtosha hondohondo hupatikana katika mti mnene, wa umri mrefu. Mti wa namna hiyo haupandwi leo ukatumika kesho kutwa. Shida hiyohiyo anayo kwenzi wa Abbott, ambaye anapatikana katika misitu michache tu ya milimani ya Kenya na Tanzania, na hutaga pia katika matundu ya miti.

Juu zaidi miti mirefu inaisha na inaanza ile jamii ya Erika, yenye majani madogo membamba, ambayo huwaka upesi mno wakati wa kiangazi. Ikiungua mara kwa mara, mahali palipokuwa na msitu wa Erika panabaki vichaka. Na juu ya hapo kuna lobelia na senesio kubwa. Chozi mwenye mkia mrefu na manyoya ya kijani yanayong'aa hutegemea sana maua ya lobelia. Chozi huyu huishi kwenye milima mirefu tu, hivyo kila mlima kwake ni kama kisiwa. Ukimwambia aruke, atakwenda wapi? Chini kuna joto, mashamba ya kahawa na migomba, na machozi wengine walioshika maeneo yao. Senesio nayo ina ajabu yake: haiangushi majani yake makavu, huyavaa shinani kama koti la kujikinga na baridi kali ya usiku. Moto ukipita, koti lile ndilo linaloshika kwanza.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza katika eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi, na takriban kilomita za mraba 95 ziliungua. Maelezo ya kwanza ya TANAPA yalisema huenda chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakiwaandalia wageni chakula. Miaka miwili baadaye, Oktoba tena, mlima ukawaka upya.

Mwanasayansi Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba katika miongo mitatu moto ulikuwa umeondoa takriban kilomita za mraba 150 za msitu wa juu. Msitu huo hunasa maji ya ukungu kwa majani, kuvumwani na ile mimea inayoning'inia matawini kama ndevu za babu. Alikadiria kuwa maji yaliyopotea kwa njia hiyo yangetosha kunywesha watu milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo palipomkosesha hondohondo nyumba ndipo panapoikausha mifereji yetu.

Tumeona pia kwamba ni rahisi mno kuwalaumu wapagazi. Hemp anawataja hasa warina asali, wanaowasha moto ili kuwafukuza nyuki kwa moshi. Mtu huyu hakusudii kuchoma msitu, anakusudia asali. Wanafalsafa wangesema uharibifu umetokea kwa ajali. Lakini anayewasha moto katika Erika iliyokauka, naye anajua imekauka, hawezi kujificha nyuma ya neno hilo. Na sisi tunaoinunua asali ile bila kuuliza ilivyorinwa?

Kipindi cha Uumbaji, kuanzia 1 Septemba hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko anayechorwa daima na ndege, huangukia katikati ya kiangazi cha Kilimanjaro. Parokia nyingi hupanda miti siku hizo. Ni jambo jema, ila mche unaopandwa kiangazi unahitaji kumwagiliwa, na hondohondo atausubiri muda mrefu sana. Tungependekeza jumuiya ndogondogo zilizo pembezoni mwa msitu ziwaulize kwanza warina asali wao wanatumia nini. Lipo bomba la moshi, kopo lenye kiriba cha kupulizia, ambalo hutoa moshi bila moto wa wazi. Mrina mmoja peke yake huenda akashindwa kulinunua. Jumuiya ikichanga, haishindwi.