Asali, Mafuta na Bangi: Kipi Huyeyuka Wapi?

Mnunuzi wa asali sokoni huonyeshwa mara nyingi jaribio moja: tone la asali hudondoshwa katika glasi ya maji, nalo likizama bila kutawanyika, muuzaji hutangaza kwamba asali ni halisi. Jaribio hilo halithibitishi uhalisi. Asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, iliyokolea katika maji machache; viwango vya kimataifa vya Codex huyawekea maji hayo kikomo cha asilimia 20 kwa aina nyingi za asali. Lita moja huwa na uzito wa takribani kilo 1.4, ndiyo maana tone huzama. Shira ya sukari iliyopikwa ikawa nzito huzama vivyo hivyo, na zote mbili huyeyuka zikikorogwa. Asali hupimwa maabara, si kwenye glasi.

Katika mafuta, mambo hugeuka. Koroga kijiko cha asali ndani ya mafuta ya alizeti, kisha uache chombo kitulie: asali itarudi chini. Sukari hushikamana na maji, wala haina mvuto na mafuta.

Viambata vya bangi vina tabia iliyo kinyume. THC, ambayo ndiyo hulevya, pamoja na CBD, huyeyuka vizuri katika mafuta, samli na spiriti, lakini katika maji karibu haviyeyuki kabisa.

Kwa hiyo asali iliyotiwa bangi, bidhaa ambayo hupitishwa kwa siri na wakati mwingine kwa jina la dawa ya kienyeji, si mchanganyiko wa kweli. Mafuta yenye THC hubaki matone madogo yaliyoshikiliwa na uzito wa asali. Asali ikipata joto hulainika, na matone hupanda juu. Kijiko cha kwanza chaweza kuwa kikali mno, na cha mwisho kisiwe na kitu. Lesitini hupunguza utengano huo, ila haimwambii mlaji kiasi kilichomo; lebo iliyoandikwa bila kipimo cha maabara ni maneno tu.

Hatari nyingine ni ucheleweshaji. Bangi inayoliwa huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa mbili, tofauti na ile ya kuvuta. Mtu huona kimya, akaongeza kijiko.

Mtoto hajui tofauti. Kwake ni asali. (Hata asali safi asipewe mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa sababu ya hatari ya botulizimu.) Akionyesha usingizi mzito, kuyumba au kupumua kwa shida, usimtapishe wala usingoje apoe. Mpeleke kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Bangi imekatazwa Tanzania Bara chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na wazazi wengine hunyamaza kwa kuogopa hilo. Daktari asiyeambiwa atatafuta malaria au homa ya uti wa mgongo, huku saa zikipita. Mwambie mtoto amekula nini, kiasi gani na saa ngapi.