Tenda Si Kibali: Yanayompasa Mkandarasi Kabla ya Kugusa Bustani ya Umma

Mkazi wa Mji wa Kale anatoka Marikiti asubuhi na kikapu chake cha bizari na nazi. Anapofika kwenye bustani anayopumzikia kila siku, anakuta imezungushwa mabati. Ndani, vijana wanachimba mtaro, na mwarobaini mmoja umeshaangushwa. Anauliza kazi ni ya nani. Anajibiwa, "Ya kaunti." Anauliza kibali kiko wapi. Hapo kila mtu anamtazama mwenziwe.

Huo ni mfano wa kufundishia tu, lakini swali la mkazi huyo ni la haki. Somo la toleo hili linaeleza njia anayopitia mkandarasi hadi akaruhusiwa kushika sururu katika bustani ya umma, na mahali ambapo mkazi anaweza kusimama na kuuliza.

Bustani ni ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka bustani, fuo na viwanja vya burudani vya kaunti chini ya serikali za kaunti. Hata hivyo, si kila kazi inayoonekana kisiwani ni ya kaunti. Ukarabati wa ufuo wa Mama Ngina, uliofunguliwa kabla ya sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2019, ulikuwa mradi wa Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: ni taasisi gani iliyotoa kazi hii? Hiyo ndiyo inayopaswa kujibu.

Tenda ni nini, na kibali ni nini?

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Tenda inaamua nani atalipwa fedha za umma, kwa kazi gani na kwa bei gani. Kibali kinaamua kama kazi hiyo inaruhusiwa kufanyika mahali hapo, na kwa masharti gani. Mkandarasi aliyeshinda tenda bado anahitaji vibali. Na aliye na kibali hana haki ya kulipwa na umma kama hakupita kwenye tenda.

Nani anastahili kuomba?

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wa gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ndiyo inayoeleza utekelezaji wake. Mwombaji lazima awe na uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, asiwe amefilisika, awe amelipa kodi, na asiwe amefungiwa kushiriki zabuni. Anayefungiwa hukaa nje kwa muda usiopungua miaka 3.

Kwa kazi za ujenzi, lazima pia awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Madaraja ni manane: NCA 1 ni la wakandarasi wakubwa kabisa, na NCA 8 ni la wadogo. Leseni huhuishwa kila mwaka. Mwashi hodari wa Kibokoni anaweza kukosa kazi ya kujenga viti vya bustani kwa sababu tu leseni yake iliisha muda, hata kama mkono wake unajulikana mji mzima.

Vikundi vya mtaani vina nafasi yao. Sheria inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengewe biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ili kupata cheti cha AGPO, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe wa kundi husika, na viongozi wote wawe wa kundi hilo. Kikundi kinachoomba tenda zilizotengwa hakidaiwi dhamana ya zabuni ya benki, bali kinajaza fomu ya tamko. Wako wanaoacha kuomba kwa kudhani lazima waende benki kwanza.

Siku ya kufungua zabuni

Zabuni hufunguliwa mara tu muda wa kuwasilisha unapoisha, mbele ya waombaji au wawakilishi wao wanaotaka kuhudhuria. Kamati ya ufunguzi huwa na watu wasiopungua 3, na angalau mmoja wao asiwe na mkono katika kushughulikia au kutathmini zabuni hizo. Jina la kila mwombaji na bei yake husomwa kwa sauti. Zabuni iliyochelewa hurudishwa bila kufunguliwa.

Mwombaji afike siku hiyo na aandike bei zote zinazosomwa. Bei ikija kubadilika baadaye, daftari lake litakuwa na la kusema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tathmini haipaswi kuzidi siku 30. Aliyeshinda na walioshindwa wote hujulishwa kwa maandishi, kwa wakati mmoja, na walioshindwa huelezwa sababu.

Siku 14 za kulalamika

Hapa ndipo wakandarasi wengi wadogo hupoteza haki yao. Chini ya kifungu cha 167, mwombaji anayeona sheria imevunjwa ana siku 14 za kuwasilisha ombi kwa bodi ya kitaifa inayosikiza malalamiko ya zabuni, PPARB. Aliyepokea barua tarehe 3 awe amewasilisha kufikia tarehe 17. Akizunguka ofisini kuomba maelezo hadi tarehe 20, mlango umefungwa, hata kama malalamiko yake ni ya kweli.

Ndiyo maana mkataba hautiwi saini kabla ya siku hizo 14 kupita. Bodi hupewa siku 21 kutoa uamuzi. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14 nyingine, na mahakama hupewa siku 45.

Vibali kabla ya sururu

Mshindi amepatikana na mkataba umetiwa saini. Bado kuna vibali. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ujenzi unaohitaji idhini ya kaunti ukifanywa bila idhini ni kosa: faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Mradi husajiliwa na NCA. Kazi inayoweza kuathiri mazingira hupelekwa kwa NEMA kutathminiwa. Mkataba wenyewe useme miti ipi itabaki na ipi itaondolewa, ili asiangushe mtu mwarobaini wa miaka mingi kwa kuona unamzuilia lori.

Mji wa Kale una sharti la ziada. Fort Jesus iko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011, na Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi. Kazi hapa hupitia pia kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006. Mchimba mtaro akikuta vigae vya zamani au msingi wa jengo la kale, anapaswa kutoa taarifa kwa Makavazi. Kuvifukia ili kazi isichelewe ni kukiuka sheria.

Bei isiyoongezeka kiholela

Bei ya mkataba haiongezwi ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini. Kiasi cha kazi za ujenzi kikibadilika, kisizidi asilimia 20, na mabadiliko yote yakijumlishwa yasipandishe mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Tuseme bustani ilipewa mkataba wa Sh4,000,000. Hata mabadiliko yote halali yakikubaliwa, jumla haiwezi kupita Sh5,000,000. Kadhalika, ni marufuku kuikata kazi moja vipande vipande ili kukwepa ushindani.

Mkazi asiye mkandarasi afanyeje?

PPARB husikiza walioshiriki zabuni, lakini mkazi wa kawaida hajaachwa mikono mitupu. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, raia yeyote anaweza kuomba nakala ya mkataba au kibali. Ombi halilipiwi, na jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Akinyimwa, anaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Penye dalili za hongo, anaweza kuripoti kwa EACC.

Ombi liandikwe kwa lugha nyepesi, Kiswahili au Kiingereza, na liulize mambo haya:

1. Ni taasisi gani iliyotoa kazi, na mkandarasi ni nani?
2. Mkataba ni wa shilingi ngapi, na unaisha lini?
3. Idhini ya mipango na usajili wa NCA ni wa nambari gani?
4. Kama ni Mji wa Kale, Makavazi yamehusishwa?
5. Bustani itafunguliwa tena lini, na miti ipi itabaki?

Mkandarasi aliyefuata njia hii hatatatizika na maswali hayo. Majibu yote yamo katika faili lake. Na mkazi wa mfano wetu, akiyauliza kabla mabati hayajazungushwa, huenda akaukuta mwarobaini wake ungali umesimama.