Si Kila Mwenye Pembe ni Swala

Katika somo la toleo hili tunamtazama mnyama wa mbali: pronghoni wa nyika za magharibi ya Marekani Kaskazini. Kwa macho ni swala mtupu: rangi ya kahawia na nyeupe, miguu myembamba, pembe mbili na mbio nyingi. Walowezi waliotoka Ulaya walimwita swala, na hadi leo wengi huko humwita hivyo. Lakini si swala, na kutoijua tofauti hiyo kunaweza kugharimu uhai wake.

1. Ukoo

Swala wa kweli, kama swala pala, pofu, kongoni na nyumbu, wako ukoo mmoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Pronghoni yuko peke yake katika ukoo wake; wenzake wote walitoweka zamani. Kati ya wanyama walio hai, jamaa zake wa karibu zaidi ni twiga na okapi. Amefanana na swala kwa sababu maisha yao ni ya namna moja: kula majani mahali pa wazi na kumkimbia adui.

2. Pembe

Pembe ya swala haina matawi. Ndani ni mfupa, nje ni ganda gumu kama kucha, na haidondoki. Pembe ya ayala, yule anayetajwa katika Zaburi, ni mfupa mtupu wenye matawi. Hudondoka yote kila mwaka na kuota upya. Pronghoni yuko katikati: mfupa hubaki, ganda hudondoka kila mwaka na jingine huota. Tena ganda la dume lina panda, jambo lisilopatikana kwa swala.

3. Uzio

Pronghoni hukimbia zaidi ya kilometa 80 kwa saa. Lakini swala pala akikuta uzio huuruka. Pronghoni kwa kawaida hautazami juu, hutafuta kupenya chini. Tangu miaka ya 1870 seng'enge zilienea katika nyika zake. Waya wa chini ukikaribia ardhi, kundi hukwama. Wakati wa theluji hushindwa kuyafikia malisho, na wengine hufa kwa njaa.

Dawa yake ni nafuu: waya wa chini huwekwa usio na miiba na kuinuliwa sentimeta 40 hadi 45. Ng'ombe hatoki, pronghoni anapita. Huko Wyoming, njia yao ya kuhama ilipewa ulinzi mwaka 2008, na mwaka 2012 yalikamilika madaraja ya wanyama juu ya barabara kuu, pale Trappers Point.

Funzo kwa kamati zetu

Anayedhani pronghoni ni swala atapunguza kimo cha uzio ili aruke. Atafanya kazi kwa moyo mwema, atatumia fedha, na mnyama atabaki palepale amesimama. Nasi tusipitishe mradi kwa sababu tu kijiji hiki kinafanana na kile tulichokisaidia mwaka jana. Tuwaulize kwanza wenyewe wanapita wapi.

Maswali ya kujadili

1. Ni mradi gani wetu uliigwa kutoka mahali pengine bila kuuliza wenyeji?
2. Ni "waya" gani mmoja tunaoweza kuuinua kwa gharama ndogo?