Somo la Mwezi: Kamera Ndani ya Gari na Picha za Jirani

Somo hili limetokana na swali ambalo tumeulizwa mara nyingi katika jumuiya ndogo ndogo za Thika na Ruiru: je, ni makosa kuweka kamera kwenye dashibodi ya gari?

Swali halikuja bure. Magari mengi yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani huja na kamera imeshabandikwa kwenye kioo cha mbele, nyingine zikiongea Kijapani kila ukiwasha injini. Mwenye gari huiacha tu hapo, hajui inarekodi nini. Wenye matatu na teksi nao wananunua zao kwa ajili ya wizi, na kwa ajili ya ajali za barabara kuu ya Thika. Barabara hiyo tangu ifunguliwe mwaka 2012 imetupunguzia safari, lakini imetuzikisha watu pia, hasa wanaovuka kwa miguu.

Jibu la kwanza ni fupi. Kenya haina sheria inayokataza kamera hiyo, wala iliyoandikwa kwa ajili yake peke yake. Iweke mahali isipomzuia dereva kuona barabara, kwa mfano nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma. Basi, hapo hakuna kesi.

Kesi iko kwenye picha. Tulimsindikiza mama mmoja ambaye kijana wake aligongwa akivuka barabara upande wa Ruiru, na gari lililomgonga halikusimama. Dereva aliyekuwa nyuma alikuwa na kamera, ikanasa yote. Yeye alichukua simu, akapiga video ile skrini ndogo ya kamera, akatuma kwa grupu ya WhatsApp. Kufika jioni mama alimwona mwanawe amelala lami kwa simu ya jirani, kabla mtu yeyote hajamwambia. Wiki tatu baadaye tulimtafuta yule dereva ili nambari ya gari isomwe kwenye rekodi yenyewe. Ilikuwa imefutika. Kadi ya kamera hizi ikijaa huandika mapya juu ya yale ya zamani. Na kwa ile video ya WhatsApp, nambari haikusomeka. Dereva huyo si mtu mbaya, alilia mbele yetu. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

Tuanze na faragha. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaieleza zaidi. Uso wa mtu, sauti yake, nambari ya gari lake, yote ni habari zake binafsi. Sheria inamwachia mtu anayerekodi kwa mambo yake ya nyumbani tu. Lakini ukishaisambaza kwa umma, utasemaje tena ni ya nyumbani? Kwa mtoto ni kali zaidi, yatakiwa idhini ya mzazi au mlezi. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Hizo hazikuwa kamera za gari, lakini sheria ni ile ile.

Wenye matatu na teksi, nyinyi hamna nyumbani hapo, ni biashara. Biashara ndogo nyingi hazilazimiki kujisajili na ofisi hiyo kama mapato hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi ni chini ya 10. Kampuni za usafiri hazimo katika msamaha huo, hata zikiwa ndogo. Abiria lazima aambiwe anarekodiwa: bandikeni tangazo mlangoni, kwa Kiswahili. Na sauti zimeni. Mazungumzo ya mama na daktari wake kwenye simu yanamhusu nini makanga?

Sasa ushahidi. Ajali ikitokea, toa kadi siku hiyo hiyo, weka nyingine. Usikate video, usiongeze muziki (wengine hufanya hivyo, jamani). Ipeleke polisi ukaandikishe taarifa, na uchukue nambari ya OB. Mahakama hukubali rekodi ya namna hii, lakini kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kilichotiwa sahihi na anayehusika na kifaa hicho, kueleza rekodi ilivyopatikana. Ndiyo maana mwenye kamera anahitajika mwenyewe, si klipu iliyopitia simu hamsini.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

Nani kati yetu ana kamera garini, na je, anajua kadi yake hujaa baada ya siku ngapi?

Video ya ajali ikiingia kwa grupu yetu leo usiku, nani ataiondoa, na nani ataenda kwa familia kwanza?